Kabla ya Kulipa Kodi ya Nyumba Pemba

Ndugu wananchi wa Palma, Quionga, Olumbi, Mocímboa da Praia na vijiji vya kandokando ya Mto Ruvuma, katika mikutano yetu ya polisi na jamii kuna swali moja linaloulizwa mara kwa mara ambalo halihusu uhalifu hata kidogo. Mzazi husimama na kusema: mwanangu amepata nafasi ya masomo Pemba, au mimi mwenyewe nimepata kazi huko, je, nitafute nyumba mtaa gani? Wapo wanaocheka, wakiona kwamba swali hilo lingefaa kuulizwa kwa dalali. Mimi silicheki. Mengi ya malalamiko yanayoletwa vituoni na wageni wa mji, kama vile kuporwa njiani usiku, kutapeliwa kiwanja au kugombana na mwenye nyumba, ukiyafuatilia hadi mwanzo wake utakuta uamuzi uliofanywa kwa haraka katika juma la kwanza la kuhamia.

Haraka hiyo ina historia yake, nasi hatumlaumu mtu. Aliyeshuka kutoka mashuani ufukweni Paquitequete mwezi Oktoba 2020, pamoja na maelfu ya wenzake, hakuchagua mtaa. Alipokewa na ndugu, na asiyekuwa na ndugu alipokewa na mtu asiyemjua. Vivyo hivyo kwa waliokimbia Palma baada ya shambulio la tarehe 24 Machi 2021. Lakini leo wengi wanaohamia Pemba wanakwenda kwa masomo, kwa biashara au kwa kazi, na wana siku kadhaa za kufikiri. Makala haya yanawahusu hao.

Mji wa Pemba umekaa juu ya rasi, kusini mwa mlango wa ghuba. Upande mmoja ni ghuba na bandari, upande wa pili ni bahari kuu na fukwe za Wimbe na Chuiba. Paquitequete, mtaa wa zamani wa wavuvi ambako Kimwani husikika kila kibarazani, uko chini kabisa kwenye ncha, karibu sawa na usawa wa maji. Juu yake kilimani ndiko kwenye ofisi na majengo ya saruji, na ndiyo maana eneo hilo huitwa Cimento. Kisha zinafuata Natite, Ingonane na Cariacó, jina linalomkumbusha kila msafiri Kariakoo ya Dar es Salaam. Ukiendelea kutoka mjini utakutana na Alto Gingone, Mahate, Expansão na Muxara, mitaa inayokua kila mwaka. Kwa kuwa mji uko kwenye rasi, hauwezi kupanuka pande zote. Hupanuka upande mmoja tu, kuelekea bara. Kwa hiyo kadiri mgeni anavyochelewa kufika, ndivyo anavyopata nafasi mbali zaidi na bandari, soko na ofisi, na wote wa huko nje hutegemea njia zile zile kuingia mjini asubuhi.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Mtu huuliza kodi, akasikia kwamba Muxara ni nafuu kuliko Natite, akalipa. Nauli haikuingia katika mazungumzo. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba nyumba ya karibu ni metikali 4,000 kwa mwezi na ya mbali ni metikali 2,500. Umeokoa 1,500. Sasa tuseme nauli ya shapa ni metikali 15, na kazini kwako kunahitaji kupanda magari mawili. Kwenda na kurudi ni magari manne, yaani metikali 60 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 1,560. Ile akiba imekwisha, na bado hujahesabu mtoto anayekwenda shule, wala mama anayekwenda sokoni. Weka nauli halisi utakazozikuta wewe mwenyewe, lakini hesabu ifanye kwa namna hiyo: kodi na nauli ni bei moja. Anayekutajia kodi peke yake amekutajia nusu ya bei.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalitarajii. Katika miji yetu mikubwa baadhi ya madereva wa shapa hukatisha njia saa za msongamano. Gari linaloandikwa kwamba linafika mwisho wa njia huishia katikati, abiria wakashushwa, kisha gari hilo hilo likaendelea kwa nauli mpya. Ni kosa, na linafaa kuripotiwa pamoja na namba ya gari. Lakini hadi likomeshwe, mpangaji wa mwisho wa njia ndiye anayelipa mara mbili.

Ushauri wangu, ndugu msomaji, ni huu: usilipe kodi hadi uwe umeipita njia yako kwa saa zako. Fikia kwanza kwa shangazi, kwa kaka au kwa jamaa wa kijijini kwenu, ukae naye majuma mawili au mwezi, uchangie chakula cha nyumbani. Katika siku hizo nenda kwenye mtaa unaoutamani saa ile ile utakayotoka kwenda kazini, usimame kituoni, uhesabu muda wa kusubiri. Kisha rudi jioni kwa saa utakayotoka kazini. Mtaa unaopendeza saa nne asubuhi, watoto wakicheza na maduka yakiwa wazi, unaweza kuwa kitu kingine kabisa saa moja na nusu usiku. Je, kutoka barabarani hadi mlangoni kuna taa? Kuna nyumba zenye watu, au ni kichaka na ukuta mtupu? Je, pikipiki ya kukodi au chopela hukubali kuingia hadi ndani, au dereva hukuacha barabarani? Binti anayesoma masomo ya jioni anapaswa kujibiwa maswali haya kabla baba yake hajatoa fedha. Nimeona familia zikipima vyumba kwa hatua, zikakagua bati na mlango, lakini zile mita mia nne za gizani kati ya shapa na nyumba hakuna aliyezitembea.

Mvuvi ana hesabu yake mwenyewe. Yeye hafuati saa za ofisi. Hufuata bamvua na maji mafu. Akitakiwa kuwa majini saa tisa usiku hakuna shapa ya kumchukua, na kutembea peke yake kutoka Expansão hadi pwani na nyavu mabegani si jambo la kupendekeza. Kwa hiyo mvuvi anayeng'ang'ania kuishi Paquitequete, hata katika chumba kidogo, ana sababu nzuri. Nisingemshauri ahame kwa ajili ya unafuu wa kodi. Ningemshauri tu achague nyumba iliyoinuka kidogo, na aulize majirani maji hufika wapi mvua kubwa ikikutana na bamvua.

Suala la mvua ninalijua kwa gharama yangu mwenyewe. Nilipohamishiwa Pemba kwa mara ya kwanza nilikodi nyumba wakati wa kusi, ardhi ikiwa kavu na upepo ukipuliza vizuri. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kijia kipana cha mchanga, nami nikafurahi kwamba watoto wangepata mahali pa kuchezea. Kaskazi ilipofika nikatambua kwamba kile hakikuwa kijia. Kilikuwa mkondo wa maji. Tulipoteza godoro, vitabu vya shule na gunia la mchele, na tunashukuru kwamba hatukupoteza zaidi. Mwenye nyumba hakunidanganya, kwa maana mimi sikumwuliza. Mwishoni mwa Aprili 2019, baada ya Kimbunga Kenneth kupiga kaskazini mwa mji, mvua iliyofuata ilifurika Natite na nyumba zikaanguka. Desemba 2024 Kimbunga Chido kilifikia nchi kavu Mecufi, kusini mwa Pemba, na mji ukaumia tena. Anayetafuta nyumba mwezi wa Julai au Agosti na aitazame kwa macho ya Februari: alama ya maji ukutani, korongo linalokula ardhi, takataka zilizonasa kwenye miti chini. Mzee anayeuza nazi pembeni atakueleza zaidi ya mwenye nyumba.

Wenye ndugu Dar es Salaam wanaweza kukumbuka yaliyotokea huko. Katika bonde la Msimbazi, hatua chache kutoka Kariakoo, watu wengi waliishi kwa sababu walikwenda sokoni kwa miguu. Mafuriko ya Desemba 2011 yalipoua watu na kubomoa nyumba, serikali iliwapa waathirika viwanja Mabwepande, nje kabisa ya mji, mahali palipo juu na salama. Hata hivyo wapo waliorudi bondeni, kwa kuwa riziki yao ilikuwa mjini na nauli iliimaliza. Sisemi walifanya vyema kurudi. Nasema walikuwa wamepewa nyumba bila kupewa njia. Hata Mbagala, anakofikia kwanza msafiri wa Mtwara na Lindi na ambako jamaa zetu wengi wamejenga, watu walizoea kuamka kabla ya adhana ya alfajiri ili kufika Posta, hadi Barabara ya Kilwa ikajengewa njia maalumu ya mabasi yaendayo haraka kama ile ya Kimara iliyoanza kutumika mwaka 2016.

Sasa nirudi kwenye jambo linalotuumiza zaidi sisi polisi, nalo ni viwanja. Mgeni aliyechoka kupanga huambiwa na mtu mwenye maneno matamu kwamba kuna kiwanja pembeni mwa mji, bei poa, lipa leo kwa sababu kesho atakuja mwingine. Mama mmoja kutoka pwani ya kaskazini alitoa akiba yote aliyokuja nayo, akapewa karatasi yenye sahihi mbili na muhuri usiosomeka. Alipoanza kujenga, wakaja watu wengine watatu, kila mmoja na karatasi yake ya kiwanja kile kile. Aliyepokea fedha hakuwa na simu tena.

Kwa hiyo ieleweke wazi: nchini Msumbiji ardhi ni mali ya Serikali. Katiba inasema haiuzwi, na Sheria ya Ardhi namba 19/97 ya tarehe 1 Oktoba 1997 imeweka taratibu za haki ya kuitumia, ile inayoitwa DUAT. Kinachoweza kuuzwa ni nyumba iliyojengwa, na katika mji haki ya ardhi hufuata jengo. Kiwanja kitupu hakina bei halali baina ya mtu na mtu. Huombwa Baraza la Manispaa. Anayekuuzia kiwanja kitupu anakuuzia kitu ambacho si chake, na ukilipa, hata tukimkamata, fedha zako huwa tayari zimeliwa. Kabla ya kutoa hata metikali moja, nenda kwa sekretari wa mtaa umwulize ni nani anayejulikana kuwa na haki mahali hapo, kisha ukaulize manispaa. Wenyeji wengi wanajua pia sehemu ambazo manispaa haitaki zijengwe kwa sababu ya maji, na mara nyingi ndizo hizo zinazopelekwa haraka kwa mgeni.

Wapo wanaokwepa kwenda kwa sekretari au kwa mkuu wa nyumba kumi kwa hofu. Wanasema: nikisema natoka Mocímboa watanifikiria vibaya. Hofu hiyo naifahamu na sitaidharau, maana wapo waliotazamwa hivyo. Mtu hawi mshukiwa kwa sababu ya wilaya aliyozaliwa. Lakini mgeni aliyejiandikisha siku za kwanza anajulikana, ana jirani wa kumsemea, na akipotelewa na mtoto au akivamiwa usiku hatuanzi kwa kumwuliza yeye ni nani. Beba kitambulisho chako, BI. Kama kilipotea katika kukimbia, beba cheti cha kuzaliwa au karatasi yoyote ya kiongozi wa kijiji chako, na uanze maombi ya kipya mapema. Mweleze sekretari watu wa nyumba yako ni wangapi, unapanga kwa nani na unafanya kazi wapi, kisha omba tamko la makazi, ambalo utalihitaji shuleni na penginepo. Ukidaiwa malipo, omba risiti. Na askari yeyote akikudai fedha ili akuruhusu kupita, kumbuka mahali, saa na, ukiweza, jina lililo kifuani pake, uje utueleze kituoni kwa mkuu wa kituo au kwa kitengo chetu cha uhusiano.