Mtoto mwenye wasiwasi akichaguliwa kuwa kiranja

Wapo watoto wanaoletwa kliniki kwa sababu tumbo huwauma kila asubuhi ya siku ya shule, lakini Jumamosi hucheza vizuri. Choo na mkojo vikipimwa, majibu huwa safi. Tukiendelea kuzungumza ndipo mzazi hukumbuka: "Tangu achaguliwe kuwa kiranja wa darasa, halali vizuri. Daktari, nimwombe mwalimu amtoe?"

Kabla ya kujibu, tuangalie hulka ya mtoto. Wataalamu wa saikolojia huieleza haiba ya mtu kwa mambo makuu matano: wepesi wa kupata wasiwasi, uchangamfu, upole kwa wenzake, umakini katika wajibu na udadisi wa mambo mapya. Kila mmoja wetu anayo yote, kwa viwango tofauti. Sehemu ya viwango hivyo tunazaliwa nayo, sehemu hutokana na malezi na maisha. Kuwa na wasiwasi kuliko wenzake si utovu wa adabu, na peke yake si ugonjwa.

Mwili wa mtoto wa aina hii huwahi kuona hatari. Akisimama mbele ya darasa, homoni ya adrenalini huongezeka kwenye damu, moyo hwenda mbio, viganja hutoka jasho na tumbo husokota. Maumivu hayo ni ya kweli. Usimwambie anajifanya.

Je, mtoto kama huyu anaweza kuongoza? Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walikusanya matokeo ya tafiti nyingi kuhusu haiba na uongozi. Waligundua kuwa uchangamfu ndio uliohusiana zaidi na uongozi, hasa katika kuonekana kiongozi mbele ya wenzako. Lakini umakini katika wajibu nao ulihusiana na uongozi. Mtoto anayeamka usiku kujiuliza kama alirudisha daftari la mahudhurio ofisini huenda ana wasiwasi, lakini pia anajali kazi yake.

Na kujali huko kuna faida kiafya. Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman alianza kufuatilia watoto wapatao 1,500 huko California, na wazazi na walimu wao waliulizwa kuhusu tabia zao. Miongo kadhaa baadaye, Howard Friedman na wenzake walichunguza nani aliishi muda mrefu. Walioelezwa utotoni kuwa makini na wa kutegemewa ndio walioelekea kuishi zaidi. Wachekeshaji na wenye furaha muda wote hawakuwazidi.

Kwa hiyo jibu langu kwa mzazi ni hili: usikimbilie kumtoa. Kwanza jua mzigo wenyewe ni upi.

Muulize mkiwa wawili, bila haraka: "Kazi gani ya ukiranja inakusumbua zaidi?" Wengine watakwambia ni kuandika majina ya wapiga kelele. Walioandikwa wanaadhibiwa, kisha wanamsubiri njiani wakati wa kurudi nyumbani. Hapo tatizo si hulka yake. Hata mtoto jasiri angeumwa tumbo. Zungumza na mwalimu, mtoto apewe kazi nyingine, kama kugawa madaftari au kupanga zamu za usafi, na usalama wake njiani uangaliwe.

Kama hofu ni kusimama na kusema, fanyeni mazoezi nyumbani. Arudie sentensi mbili tatu mbele yako, akivuta pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi. Apate usingizi wa kutosha: mwenye miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 kwa siku. Na usimlinganishe na nduguye: "Mbona dada yako alikuwa kiranja mkuu?" Maneno hayo yanamwongezea mzigo mwingine.

Baada ya wiki mbili tatu, mwangalie tena. Akiwa bado anateseka, kuacha ukiranja si aibu, na umwambie hivyo kwa kinywa chako.

Usisubiri wiki hizo ikiwa maumivu ya tumbo yanamwamsha usiku, anatapika mara kwa mara, ana homa, anapungua uzito au choo kina damu. Mlete hospitali apimwe. Akianza kukataa shule kabisa, kujitenga au kukosa hamu ya kula, mlete pia. Akisema anatamani kufa, mlete siku hiyo hiyo, hata kama unadhani anatania.