Siku za Rumande Huhesabiwa Katika Kifungo

Watu wengi hudhani ya kuwa kifungo huanza siku ile hakimu anapotoa hukumu, na kwamba siku ambazo mshtakiwa alikaa rumande zimepotea bure. Sivyo. Tangu mwaka 2007 kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Utaratibu wa Mashtaka ya Jinai ya Kenya kimeagiza kwamba, ikiwa mtu alizuiliwa kabla ya kuhukumiwa, hukumu yake sharti izingatie muda huo.

Hesabu yenyewe ni hivi. Tuseme mtu alikamatwa tarehe 10 Machi 2022, akakosa dhamana, na tarehe 10 Septemba 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Amekwisha kukaa ndani miezi 18. Kifungo kikihesabiwa tangu siku ya hukumu, kitakwisha tarehe 9 Septemba 2026. Kikihesabiwa tangu siku ya kukamatwa, kitakwisha tarehe 9 Machi 2025. Mwaka mzima na nusu wa maisha ya mtu, na wa jamaa wanaomngojea nyumbani, hutegemea maneno machache ya hakimu.

Hakimu aweza kuamuru kifungo kianzie siku ya kukamatwa, ama aweza kuipunguza miezi ile 18, na kifungo kilichobaki kikaanza siku ya hukumu. Lakini hafanyi yote mawili, maana siku moja haihesabiwi mara mbili. Wala siku za kuwa nje kwa dhamana hazihesabiwi: aliyekaa rumande miezi 4 kisha akapata dhamana, hupunguziwa miezi 4 tu.

Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba haitoshi hakimu kusema amezingatia muda wa rumande, kisha akaamuru kifungo kianzie siku ya kutiwa hatiani bila kupunguza lolote. Kufanya hivyo ni kuupuuza muda huo kabisa.

Msamaha wa theluthi moja, ambao wafungwa wengi huupata gerezani kwa bidii na mwenendo mwema, ni jambo jingine, wala haushiki mahali pa siku za rumande.

Kwa hiyo yampasa mshtakiwa, anapopewa nafasi ya kuomba apunguziwe adhabu, aitaje wazi tarehe aliyokamatwa, na ile aliyotoka kwa dhamana kama aliipata. Jamaa zake nao waziandike tarehe hizo na kuzihifadhi. Muda huo ukisahauliwa na mahakama ya chini, aweza kukata rufani katika Mahakama Kuu kabla ya siku 14 kwisha, au kuiomba Mahakama Kuu iitazame upya hukumu hiyo.