Mezani kwa Wenyeji wa Thailand: Furahia Chakula, Epuka Samaki Mbichi

Wasafiri wengi wanaozuru Thailand siku hizi huacha hoteli za mjini na kwenda kulala katika nyumba za wageni mashambani, ambapo mwenye nyumba huwapikia chakula kile kile anachowapikia watoto wake. Katika eneo la Isan, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, mgeni hukaribishwa mkekani, akawekewa wali wa kunata uliopikwa kwa mvuke ndani ya kikapu cha mianzi. Wali huo hufinyangwa tonge kwa vidole na kuchovywa kwenye kitoweo, kama tunavyokula ugali.

Kwa jumla, chakula hiki kina manufaa mengi kwa mwili. Mboga na majani mabichi hayakosi. Som tam, kachumbari inayosifika sana, ni papai bichi lililokatwa vipande vyembamba na kutwangwa kinuni pamoja na pilipili, kitunguu saumu, nyanya na ndimu. Supu hutiwa mchaichai na khulinjani, viungo ambavyo watu wa Pwani wanavijua vyema. Tofauti na mapishi ya kusini mwa Thailand, ya Isan hayatumii sana tui la nazi, kwa hivyo mafuta huwa machache.

Hata hivyo, kuna mambo mawili ambayo mgeni anapaswa kuyachunga.

Chumvi iliyojificha

La kwanza ni chumvi. Mapishi ya Kithai hutiwa mchuzi wa samaki waliovundikwa kwa chumvi. Kijiko kimoja kikubwa cha mchuzi huo kina chumvi ya takriban gramu 3.5, ilhali Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku nzima. Mwenye shinikizo la damu amwombe mpishi apunguze mchuzi huo na kuongeza ndimu.

Mnyoo wa ini

La pili ni hatari zaidi. Wakazi wengi wa Isan hupenda koi pla, samaki mbichi wa mtoni au wa bwawani aliyekatwakatwa na kuchanganywa na ndimu na pilipili. Baadhi ya samaki hao hubeba viluwiluwi vya mnyoo uitwao Opisthorchis viverrini. Mnyoo huyo huingia katika mirija ya nyongo na anaweza kuishi humo kwa miaka mingi bila dalili zozote. Mwaka wa 1994, shirika la WHO la utafiti wa saratani lilimworodhesha miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Eneo la Isan lina mojawapo ya viwango vya juu zaidi duniani vya saratani ya mirija ya nyongo. Mara nyingi ugonjwa huu hugunduliwa ukiwa umekomaa, macho yakiwa yamegeuka manjano.

Wengi hudhani ndimu, pilipili au pombe kali huua mnyoo huyo. Sivyo. Moto ndio kinga ya hakika. Samaki akipikwa hadi ndani, hana madhara haya. Tahadhari pia na pla ra, samaki waliovundikwa, ikiwa hawakuchemshwa.

Tiba ipo: prazikwanteli, dawa ile ile inayotumiwa hapa Kenya kutibu kichocho. Lakini dawa haizuii mtu kuambukizwa tena akirudia kula samaki mbichi.

Basi ukialikwa, usione haya kuuliza. Neno "suk" kwa Kithai maana yake ni kilichoiva, na "dip" ni kibichi. Mwambie mwenyeji kwa upole kwamba samaki wako awe "suk". Ikiwa umewahi kula samaki mbichi huko, mweleze daktari wako ili upimwe choo. Kinga ni bora kuliko tiba.