Nyumba ya kwanza Same: Kagua ardhi kabla ya kuta

MTU anayenunua nyumba yake ya kwanza huangalia zaidi yale yanayoonekana kwa macho: idadi ya vyumba, rangi ya kuta, bati jipya na umbali wa kufika barabara kuu. Katika Wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, hayo ndiyo mambo yenye uzito mdogo kuliko yote. Kinachoamua iwapo mnunuzi amepata makazi au amejinunulia kesi ni ardhi iliyo chini ya nyumba, mteremko ulio juu yake na karatasi zilizo mkononi mwa muuzaji.

Wilaya hiyo ina sura mbili. Mji wa Same umelala tambarare, magharibi mwa safu ya Milima ya Upare Kusini, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam, takriban kilometa 100 kabla ya kufika Moshi. Mvua hapo ni haba, kwa kuwa milima huyazuia mawingu yatokayo Bahari ya Hindi. Juu milimani, kuelekea kilele cha Shengena chenye urefu wa mita 2,462, kuna ukungu, migomba na mvua za kutosha, na vijiji kama Chome, Vudee, Mbaga na Mamba Myamba vimejengwa juu ya miteremko. Nyumba ya tambarare na nyumba ya mlimani hazikaguliwi kwa namna moja. Aidha, mara nyingi haziuzwi chini ya sheria moja.

Sheria mbili, taratibu mbili

Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, iliyo mikononi mwa Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo anayenunua nyumba hanunui udongo, bali hununua haki ya kuutumia pamoja na maendeleo yaliyofanywa juu yake. Haki hiyo inasimamiwa na sheria mbili zilizotungwa mwaka 1999 na kuanza kutumika Mei 2001: Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5.

Viwanja vilivyopimwa na kumilikishwa mjini vipo chini ya sheria ya kwanza, na mmiliki hupewa hati ya miaka 33, 66 au 99. Katika vijiji, haki ni ya kimila na inatambuliwa hata pale ambapo haijaandikwa popote. Aliyeandikishwa hupewa hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji chake.

Hapo kwenye ardhi ya kijiji ndipo wengi hujikwaa. Mzaliwa wa Upare aishiye Dar es Salaam au Arusha hurejea nyumbani mwisho wa mwaka, huonyeshwa nyumba, na makubaliano hufanyika sebuleni mbele ya mashahidi wawili. Mwenyekiti huitwa, hugonga muhuri, na shughuli huonekana imekwisha. Lakini muhuri wa mwenyekiti si uamuzi wa halmashauri ya kijiji. Halmashauri hukaa kikao, huidhinisha au hukataa, na uamuzi wake huandikwa katika muhtasari.

Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua, tangu miaka ya 1980, kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyoidhinishwa na halmashauri ya kijiji ni batili. Mnunuzi wa namna hiyo hubaki akidai fedha zake kwa muuzaji ambaye pengine amekwisha kuzitumia. Kinga yake ni nyepesi: kabla ya kulipa, aombe kuona idhini ya halmashauri kwa maandishi na kupewa nakala ya muhtasari wa kikao hicho.

Kwa nyumba yenye hati miliki, hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi katika ofisi ya Msajili wa Hati, ambayo kwa mkoa huo ipo Moshi. Upekuzi huonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, kama nyumba imewekwa rehani, na kama kuna zuio lolote lililowekwa juu yake. Ada yake ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya nyumba. Kivuli cha hati hakitoshi, kwa sababu hakimwambii mtu kama hati yenyewe imo katika kabati la muuzaji au katika kasiki la benki.

Mke, mume na ukoo

Jina lililo kwenye hati si lazima liwe la mtu pekee mwenye kauli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 59, inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ridhaa hiyo inapaswa kuandikwa na kutiwa saini, si kuelezwa kwa mdomo kwamba "mama hana neno".

Sehemu kubwa ya ardhi ya milimani imerithiwa kutoka kwa mababu. Marehemu akiacha watoto saba, mmoja wao hawezi kuiuza nyumba kwa kuwa tu ndiye aliyebaki kijijini. Mwenye mamlaka ya kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na mnunuzi anapaswa kuiona barua ya uteuzi huo. Ni busara pia kuwauliza wazee wa ukoo na majirani wa pande zote nne, kwa maana mgogoro uliolala kwa miaka 20 huamka siku fedha inapoonekana.

Mipaka isiyoonekana

Ukaguzi wa mipaka huhitaji mpima ardhi aliyesajiliwa, atakayelinganisha bikoni zilizopo ardhini na ramani ya upimaji. Mjini Same na katika miji midogo ya Hedaru na Makanya, swali kubwa ni barabara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kutoka katikati ya barabara. Nyumba iliyowekwa alama ya X nyekundu haistahili fidia, na yenye X ya kijani inastahili. Muuzaji anaweza kuipaka rangi alama hiyo, lakini hawezi kuifuta katika kumbukumbu za wakala wa barabara.

Reli ya Tanga hadi Arusha nayo ina hifadhi yake. Wakati treni zilipokuwa zimesimama, watu waliizoea njia hiyo kama uwanja wa kawaida. Huduma zilipoanza kurejea mwaka 2019, mipaka ilikumbukwa upya. Kwa upande wa mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo zake. Wanaonunua karibu na Mkomazi, pori la akiba lililopandishwa hadhi na kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, wanapaswa kuuliza mpaka wa hifadhi uko wapi na tembo hupita njia gani.

Milimani kuna mpaka mwingine usioandikwa kwenye ramani. Wapare wana ndiva, mabwawa ya asili ya kukusanya maji ya umwagiliaji, na mifereji yake hupita katika maeneo ya watu wengi. Mfereji ukikatiza kiwanja, mnunuzi hawezi kuuziba ili ajenge uzio. Ameingia katika utaratibu wa zamu za maji, na atatarajiwa kushiriki msaragambo wa kuusafisha kama wenzake.

Mteremko ulio juu ya paa

Novemba 2009, baada ya mvua kubwa, ardhi iliporomoka katika kijiji cha Goha, Mamba Myamba, na kuua watu zaidi ya 20. Nyumba zilifukiwa na udongo uliotoka juu yake. Msiba huo unaeleza kwa nini mkaguzi wa nyumba ya mlimani hapaswi kuishia ndani ya uzio. Anapaswa kupanda juu ya nyumba na kutazama kilichopo.

Dalili za hatari zinafahamika. Miti iliyoinama kuelekea bondeni, nyufa ndefu ardhini, chemchemi mpya iliyotokea mahali palipokuwa pakavu, na matuta ya shamba yaliyoachwa bila kutunzwa, yote hueleza kwamba udongo unasogea au unashiba maji. Kiwanja kilichochongwa kwa kukata mlima wima, bila ukuta wa mawe wenye matundu ya kupitishia maji, ni deni linalosubiri mvua za vuli au masika. Gharama ya ukuta huo iingizwe katika bei tangu siku ya kwanza.

Jengo lenyewe

Baada ya ardhi ndipo jengo hufuata. Mnunuzi amchukue fundi mzoefu au mhandisi asiyefahamiana na muuzaji, na amlipe yeye mwenyewe. Nyufa nyembamba za lipu si jambo kubwa. Nyufa za mshazari zinazoanzia kwenye kona za madirisha na milango, hasa zile zinazopanuka kuelekea upande mmoja, huonyesha kwamba msingi umetitia. Palipo na udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, tatizo hilo hurudi hata baada ya kuta kupakwa lipu upya.

Mchwa ni adui wa pili. Mbao za kenchi zichomwe kwa bisibisi. Ikizama bila kupingwa, paa litabadilishwa. Tambarare ya Same huvuma upepo mkali, hivyo fundi aangalie namna kenchi zilivyofungwa kwenye kuta na kama bati limepigiliwa misumari ya kutosha. Atazame pia mfumo wa waya za umeme, shimo la maji taka na umbali wake kutoka kisimani.

Maji ndiyo suala lililoamua thamani ya nyumba nyingi za Same kwa muda mrefu. Mradi mkubwa wa kuyaleta kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu kwa ajili ya Same, Mwanga na Korogwe ulianza mwaka 2014, ukachelewa, na awamu yake ya kwanza ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Machi 2025. Hata hivyo, bomba kupita mtaani si sawa na bomba kutoa maji ndani. Mnunuzi aombe kuona mita na ankara za miezi iliyopita, afungue bomba kwa saa tofauti, na ahesabu gharama ya tangi na mifereji ya kuvunia maji ya mvua.

Hesabu ya gharama

Bei iliyotajwa na muuzaji si gharama kamili. Chukua mfano wa nyumba yenye hati inayouzwa kwa sh milioni 60, ambayo mwenyewe alitumia sh milioni 40 kununua kiwanja na kujenga. Faida yake ni sh milioni 20. Kwa mkazi wa Tanzania, kodi ya faida hiyo ni asilimia 10, yaani sh milioni 2. Muuzaji asiye na kumbukumbu za gharama zake hutozwa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, kwa kufuata iliyo kubwa. Aliyeimiliki nyumba na kuishi ndani yake kwa miaka mitatu au zaidi, na faida yake haizidi sh milioni 15, amesamehewa.

Kodi hiyo ni ya muuzaji, lakini uhamisho hausajiliwi bila uthibitisho kwamba imelipwa. Wapo wauzaji wanaopokea fedha na kutoweka, nao wanunuzi hulazimika kuilipa ili wapate hati. Kwa sababu hiyo mkataba unapaswa kutaja nani analipa nini, na sehemu ya bei ibaki bila kulipwa hadi uhamisho ukamilike.

Ushuru wa stempu ni takriban asilimia 1 ya thamani, yaani karibu sh 600,000 katika mfano huu, na hulipwa ndani ya siku 30 tangu mkataba utiwe saini. Mkataba usiolipiwa ushuru huo haupokelewi mahakamani kama ushahidi. Juu yake huongezwa ada ya usajili, malipo ya mthamini ambaye taarifa yake huidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, malipo ya mpima na ya wakili. Kila mmoja atakiwe kutoa hesabu yake kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Kwa upande mwingine, asilimia 10 ambayo baadhi ya viongozi wa mitaa na vijiji hudai ili washuhudie mauzo haimo katika Sheria ya Ardhi, na anayeilipa bila stakabadhi ya serikali hajalipa kodi yoyote.

Madeni nayo hurithiwa pamoja na funguo. Kodi ya pango la ardhi iliyolimbikizwa hufuata kiwanja, na kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia mita za LUKU, humwangukia anayenunua umeme. Stakabadhi za malipo ziombwe kabla, na fedha zilipwe kupitia benki ili zibaki na kumbukumbu.

Wenye kufikishana mbele ya sheria huanza na usuluhishi katika baraza la kata, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na wengine hufika hadi Mahakama ya Rufani, safari inayoweza kuchukua miaka. Upekuzi, mpima na fundi kwa pamoja huchukua majuma machache. Muuzaji mwaminifu hatawakataa watu hao watatu. Anayesema hakuna haja ya kukagua kwa sababu kuna mnunuzi mwingine njiani, aachiwe huyo mnunuzi mwingine.