Mshipi Usilegee: Kurusha Nzi Bandia Ziwani

Leparua hakuna ziwa. Ni nchi ya migunga na mifugo katika kaunti ya Isiolo, jirani na hifadhi ya Lewa. Lakini kusini yake uko Mlima Kenya, na kwenye mabega ya mlima huo, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, yako maziwa ya Rutundu, Alice na Ellis, yenye samaki aina ya trauti. Samaki huyu ni mgeni kwetu: aliletwa Kenya mwaka 1905 kutoka Uskoti na kupandikizwa katika mito ya Aberdare. Watalii wanaofikia Lewa hupanda Rutundu kumvua. Huko ndiko Mwanamfalme William alikomposa Kate Middleton mwezi Oktoba 2010, na Kate aliandika kwenye kitabu cha wageni kwamba samaki hawakumwona.

Kijana wa Leparua anayetaka kuwaongoza wageni wa namna hiyo anaweza kujifunza urushaji akiwa nyumbani, kwenye nchi kavu. Kwa kweli hapo ndipo mahali pazuri zaidi pa kuanzia.

Aanze kwa kuelewa kinachoruka. Katika uvuvi wa kawaida risasi iliyofungwa karibu na ndoana ndiyo inayopaa na kuuvuta mshipi. Nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa manyoya na nyuzi ili ifanane na mdudu, hana uzito wa kuvuta chochote. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene kwa makusudi: mita 9 za mwanzo za mshipi namba 6 zina uzito wa gramu 10 hivi. Uzito huo ndio unaoupinda ufito wa kuvulia, na ufito unaponyooka ndipo mshipi unapofyatuka. Mshipi uliolegea hauwezi kuupinda ufito, hata mrushaji awe na misuli ya namna gani.

Mtoni mkondo humsaidia mvuvi kwa kuunyoosha mshipi. Ziwani hakuna msaada huo. Mshipi ukianguka ovyo unabaki ovyo, na upepo unazidi kuupinda. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mvuvi wa ziwani ashughulikie ulegevu kwanza. Umbali utakuja baadaye.

Kabla ya kuinua, shusha ncha ya ufito hadi karibu iguse maji, kisha vuta mshipi kwa mkono wa kushoto mpaka uone nzi akisogea. Sasa inua polepole, ongeza kasi hatua kwa hatua, halafu simamisha ufito ghafla ukiwa umepita wima kidogo tu. Kifundo cha mkono kisilegee, maana kikilegea ncha inazama nyuma na mshipi unapiga nyasi. Ufito ukishasimama, subiri. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Geuza kichwa uutazame mshipi nyuma yako ukikunjuka wote, ndipo uanze kuurudisha mbele. Kadiri ulivyo mrefu ndivyo unavyohitaji kungojwa zaidi. Ukisikia mlio kama wa mjeledi, umeharakisha, na huenda nzi amekatika.

Kosa la pili ni kutia nguvu zote mwanzoni mwa mrusho wa mbele. Ncha huinama, mshipi hujivuka wenyewe hewani, na uzi mwembamba wa mwisho hupata fundo linaloupunguzia nguvu sana. Trauti mkubwa ataukatia hapo.

Upepo wa mlimani ni jambo la kujiandaa nalo. Ukivuma kutoka mbele, rusha nyuma kwa juu na mbele kwa chini, ili mshipi upite karibu na maji. Kwa anayetumia mkono wa kulia, upepo unaotoka kulia ni hatari, kwa sababu huileta ndoana usoni. Hamia mahali ambapo upepo utatokea kushoto, na vaa kofia na miwani hata kama kuna mawingu.

Nzi akishatua, shusha ncha mara moja, vuta ulegevu wote, kisha hesabu taratibu wakati akizama. Samaki wengi hupotea katika sekunde hizo: trauti huuma, mshipi umelegea, na mvuvi hasikii kitu kidoleni. Tena usikimbilie katikati ya ziwa. Trauti huzunguka kando kando kutafuta wadudu, kwa hiyo mirusho ya kwanza iwe mifupi, sambamba na ukingo.

Kwa mazoezi tafuta uwanja wenye nyasi, kwa kuwa mchanga wa Leparua huparuza ngozi ya plastiki ya mshipi na kuufanya ukwame kwenye pete za ufito. Badala ya ndoana funga kipande cha uzi wa sufu wa rangi kali, uone kinapoangukia. Anza na mita 8 tu, asubuhi kabla upepo haujaamka, na usiongeze urefu mpaka uzi huo uwe unatua mbele ya mshipi ulionyooka.