Mizinga ya Kasanga

Wajukuu zangu, mwaka 1985 Mmarekani Sid Meier na kampuni ya MicroProse walitoa gemu la nyambizi liitwalo Silent Service. Mwaka 1989 likaingia kwenye mashine za Nintendo, zile zinazounganishwa na runinga nyumbani. Mchezaji ndiye nahodha wa nyambizi ya Marekani katika Bahari ya Pasifiki, wakati wa Vita Kuu ya Pili. Unachungulia kwa darubini, unakisia meli ya adui iko umbali gani na inakwenda kasi gani, ndipo unaachia topido. Ukisogea karibu mno, unashambuliwa wewe. Ukingoja mno, meli imekwenda zake. Utamu wote uko kwenye huko kukisia.

Mtihani kama huo ulimpata nahodha wa kweli hapa kwetu. Ukitoka Sumbawanga ukapita Matai, ukateremka hadi Ziwa Tanganyika, unafika Kasanga. Wajerumani walipaita Bismarckburg, wakajenga boma.

Ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakipigana na Wajerumani. Nyambizi haikuwapo, ingawa kina cha ziwa hili kinapita mita 1,400. Waingereza walileta mashua mbili za injini, Mimi na Toutou: kwa meli hadi Cape Town, kwa treni hadi Kongo, kisha zikaburutwa milimani kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe. Hebu wazeni kazi hiyo! Desemba 26, 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani. Februari 9, 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Kamanda wao, Geoffrey Spicer-Simson, akavuma.

Juni 5, 1916 akatokea mbele ya Kasanga. Jeshi la Luteni Kanali Murray lilikuwa likilibana boma kutoka nchi kavu. Spicer-Simson alitakiwa kuziba njia ya majini. Akatazama, akaona mizinga. Mashua zake zilikuwa za mbao, na kombora moja lingetosha kuipasua mojawapo. Akageuza, akaenda kutia nanga Kituta, kusini.

Kuiogopa mizinga simlaumu. Alikuwa na roho za watu mkononi. Ninachomlaumu ni kuondoka kabisa, badala ya kukaa mbali, mahali ambapo mzinga haufiki, akauchunga mlango wa bandari. Wajerumani wakapanda majahazi wakatoroka. Waingereza walipoingia bomani Juni 8, wakakuta mizinga ile ni magogo yaliyochongwa. Murray aliwaka kwa hasira: askari aliodhani amewazingira walikuwa wameshatokomea ziwani.