Baridi ya Julai na haki ya wazee wetu

Wageni wengi huidhania Kenya kuwa nchi ya jua kutoka Januari hadi Desemba. Hao hawajakaa Imenti Kusini wala maeneo ya juu ya Manyatta, huko Embu, mwezi wa Julai, wakati ukungu unaposhuka kutoka msituni na manyunyu kuendelea siku nzima.

Mwalimu wa jiografia atawaeleza wanafunzi wake sababu. Kila tupandapo mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi sita. Mlima Kenya una kimo cha mita 5,199, na vijiji vya wakulima wa majani chai vimeuegemea ubavuni. Kwa hiyo mzee wa Mbeere aweza kuwa anatafuta kivuli hali mwenzake wa kaunti hiyo hiyo, aishiye kandokando ya msitu, anatetemeka chini ya blanketi mbili.

Kijana huishinda baridi kwa kazi na mwendo. Mwili wa mzee hauna nguvu hizo. Damu yake haikimbii kama zamani, viungo vinamuuma, na kifua kikishikwa, nimonia huwa mlangoni. Kinga yake ni moto, na moto ni gharama.

Kuni za msituni si za bure. Sheria huwaruhusu wanakijiji kuokota kuni kwa kibali cha kulipia, lakini ni ajuza gani wa miaka 78 atakayeupanda mlima na kurudi na mzigo mgongoni? Mafuta ya taa nayo yalitozwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018, ili kuwakomesha walaghai waliokuwa wakiyachanganya na dizeli. Kufikia Septemba 2023, lita moja ilipita shilingi 200 jijini Nairobi. Gesi ndiyo usiseme: mwaka 2022 kujaza mtungi wa kilo 13 kulizidi shilingi 3,000 katika maduka mengi. Linalobaki ni jiko la makaa, ambalo mzee hulala nalo chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Hewa ya sumu itokayo humo haina rangi wala harufu, na imewaua wengi usingizini.

Sisemi kwamba serikali haijafanya lolote. La hasha! Mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii ulipanuliwa uwafikie wazee wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni, kila mmoja akitengewa shilingi 2,000 kwa mwezi. Hilo lilikuwa jambo la kusifiwa. Ila bei za vitu zimepanda miaka nenda miaka rudi, na mwaka 2024 kiasi kilikuwa kile kile. Isitoshe, malipo yamechelewa mara nyingi. Fedha za Juni zikimfikia mzee Septemba, baridi itakuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Huko Uingereza, tangu 1997 wazee wamekuwa wakipewa fedha za kupasha nyumba joto majira ya baridi. Mwaka 2024 serikali ya huko ilipoamua kuwapa maskini pekee, mamilioni waliachwa nje na kelele zikahanikiza. Mwaka 2025 ikalazimika kulegeza uamuzi huo. Najua hatuna hazina kama yao, wala baridi yetu si ya theluji. Lakini kuna funzo: kule wanabishana nani apewe, ilhali sisi hatujakiri hata kwamba baridi ni gharama.

Wapo watakaosema kuwa kumtunza mzee ni kazi ya wanawe. Nakubali. Hata hivyo, Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali pia. Na vipi yule ambaye wanawe wamemtangulia kaburini, au wanahangaika mijini bila kazi?

Pendekezo langu ni dogo. Kwanza, malipo ya Juni, Julai na Agosti yatolewe mapema, kabla ya Juni kwisha. Pili, wazee wa nyanda za juu waongezewe kitu cha moto kwa miezi hiyo mitatu. Machifu na manaibu wao wanavijua vijiji vyenye baridi na wazee waliomo. Tatu, kaunti za Meru na Embu zisaidie kuni au majiko yenye bomba la kutolea moshi.

Nanyi walimu na wanafunzi mna sehemu yenu. Jumamosi moja ya Julai, darasa moja laweza kupasua kuni za wazee wote wa kijiji kabla ya adhuhuri. Lakini wema huo usiwe kisingizio cha serikali kukwepa wajibu wake.

Katika nchi ya Njuri Ncheke, ambako neno la mzee lilimaliza ugomvi wa ardhi na wa damu, twasema penye wazee haliharibiki neno. Basi tusiwaache waliotunza neno letu wakafa kwa kukosa moto.